Haki ya Bombani

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Kasuku na mdogo wake walipanga foleni kwenye bomba la shule. Bomba lilikuwa moja tu, tena vivu ajabu: ukisubiri ndoo ijae ungeota ndevu, hata kama wewe ni msichana. Wanafunzi walisukumana hapo kila siku, mpaka mwalimu wa zamu akachoka, akatangaza kwamba wachague kiranja wa maji.

Waligombea wawili wa darasa la sita. Mmoja ni huyo Kasuku, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ulimi wake ungeweza kumuuzia samaki maji. Wa pili ni mvulana mkimbiaji, jina lake la utani Swala. Wote walisimama mbele ya shule wakaahidi kitu kilekile: haki bombani. Kasuku alinuna, akawaambia wenzake kwamba Swala ni mwizi wa maneno.

Kisha akaingia kazini. Darasa la kwanza, alikosoma mdogo wake, aliwaambia kwamba haki ni wadogo kutangulia, maana ndio wanaosukumwa. Wakampigia makofi, mdogo wake kuliko wote. Darasa la saba aliwaambia kwamba haki ni wakubwa kutangulia, maana wana mtihani. Huko nako makofi. Nani angegundua? Wadogo na wakubwa hawapigi soga pamoja. Kasuku akashinda kwa kishindo.

Siku yake ya kwanza kazini jua lilichoma. Wakati wa mapumziko safu mbili zilifika bombani kwa mpigo, kila moja na haki yake. Mdogo wake ndiye aliyewaongoza wadogo, chupa mkononi.

"Tupisheni," aliwaambia wakubwa. "Dada amesema sisi ndio wa kwanza."

Msichana mmoja wa darasa la saba akacheka. "Dada yako? Mbona ametuahidi sisi? Si huyo hapo, muulize."

Macho yote yakamgeukia Kasuku. Ulimi ule wa kuuza maji ukagoma. Akainama kutazama vidole vya miguu yake, kama mtu anayehakikisha vyote vipo. Wakubwa wakasonga mbele. Chupa ya mdogo wake ikaanguka, ikakanyagwa, ikapasuka. Mtoto hakulia.

"Dada," aliuliza polepole, "ulitudanganya sisi au wao?"

Kasuku alitamani ardhi ipasuke immeze. Akampa mdogo wake chupa yake mwenyewe, akaenda kumweleza mwalimu wa zamu yote aliyoyafanya. Mwalimu hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alimwambia tu kwamba kesho ayarudie hayo mbele ya wale aliowaahidi.

Kesho yake aliyarudia, uso ukimwaka, na cheo akakirudisha. Swala alikenua meno yote.

"Na haki yako wewe ni ipi?" mwalimu akamuuliza.

"Anayefika kwanza achote kwanza, mwalimu."

"Na nani hufika kwanza?"

Shule nzima ikaangua kicheko, maana hakuna aliyewahi kumshinda Swala mbio. Naye akayaficha meno.

Basi mwalimu akawakalisha wawili hao na wajumbe wa kila darasa. Walibishana mpaka sauti zikakauka, wakakubaliana: kila siku darasa moja litatangulia kwa zamu, na atakayesukuma ataenda mwisho wa foleni. Wakasoma makubaliano hayo mbele ya shule nzima, mikono ikainuliwa kuyakubali.

"Haki ni neno tamu," mwalimu alisema, "na kila mgombea hulipika katika sufuria yenye kifuniko. Msipige makofi kwa kunusa harufu. Mwambieni afunue, mkiwa mmekaa pamoja. Na siku wewe ukiwa mpishi, usiwaonjeshe hawa kitu kimoja na wale kingine. Wataonana tu."

Kasuku alisikiliza kichwa chini. Jioni, njiani, mdogo wake alitangulia mbele peke yake. Walipokaribia nyumbani ndipo alipopunguza mwendo, akamngoja dada yake.