Sukari ya Anouar na Anwani ya Kwetu

"Amira, uko na nani hapo nyumbani?"

"Niko peke yangu, dada."

Na nyuma yake, sauti ya mwanaume ikaomba sukari...

Ile sauti naijua hata nikiwa usingizini. Ni Anouar, mchumba wangu! Na aliyekuwa ananidanganya ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana hasira zinanikaba mpaka leo.

Mi ni Raihana, mutoto wa mtaa wa Buyenzi. Magaraji na maduka ya vipuri ya kwetu yanaagiza mizigo kupitia mtandao wangu. Mashine, yaani kompyuta inayouendesha, inakaa chumba cha nyuma cha garaji ya mjomba Twalibu, na mlinzi wake ni fayawoli ya Linux, programu ya kuchuja wanaoingia, ambayo kanuni zake niliziandika mwenyewe.

Zamani kila duka lilikuwa na kanuni yake, nikachoka. Nikakusanya anwani zao zote za intaneti kwenye kundi moja, kanuni moja ikatosha. Kisha nikaweka ramani: anwani hii ikija, ipeleke ukurasa huu. Kundi jingine, la waaminifu, ndilo lenye ruhusa ya kuingia na kubadilisha mambo. Humo niliweka anwani ya nyumbani kwetu na ya Anouar tu.

Yote nilimfundisha mi. Siku moja akaja na maneno yake, eti tuwauze wateja wangu kwa wakubwa fulani wa mjini. Nikasema apana. Akanuna, akarudi kwao, mtaa wa Jabe, nami nikaitoa anwani yake kwenye kundi.

Neno la siri sikuligusa. Bila anwani litamsaidia nini? Nilijiona mjanja kweli.

Asubuhi ile mjomba akaniita kwa ukali. Maduka yanafungua ukurasa wangu, yanakuta kampuni ingine! Majirani wanasema nimewauza. Mjomba ndiye aliyenidhamini kwao, kwa hiyo akaniambia nisipotengeneza leo, nitoe mashine yangu kwake.

Nikakaa mbele ya mashine, nikaifungua. Ramani yote imegeuzwa, kila duka linapelekwa kwa wale wakubwa. Na mutu bado yumo ndani, anaendelea kubadilisha. Nikaangalia anatokea wapi...

Nyumbani kwetu.

Kwetu ni kiwanja kimoja, nyumba tatu, intaneti moja. Yeyote anayeketi pale, ndugu au mgeni, mashine inamwona ni sisi. Ndipo nikampigia Amira. Ndipo nikasikia habari ya sukari.

Nikamwambia ampe Mama simu. Nilidhani Mama atashtuka. Wapi! Akanieleza polepole kwamba yeye ndiye aliyemwita Anouar, kwamba mwanamke wa kushinda na mashine haolewi, na kwamba kijana ameleta posa upya.

"Posa ya nani, Mama?"

"Ya Amira. We si una mashine yako?"

Jamani, sikulia. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanavuma.

Nikairudisha ramani kutoka kwenye nakala yangu. Nikabadilisha neno la siri. Halafu nikaitoa anwani ya kwetu kwenye kundi la waaminifu, nikaitia kwenye kundi la waliofungiwa. Anouar akakatika pale pale, na chai yake ya sukari.

Maduka yakarudi. Mjomba akapita mlangoni, akasema mashine ibaki, akaenda zake kuswali.

Kosa langu nimelijua. Niliamini anwani, wala sikujiuliza nani ameketi nyuma yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mi naongeza: na anwani yenu ni moja.

Juzi Mama aliniomba niifungulie anwani ya kwetu. Amira anataka kuagiza gari la harusi kupitia mtandao wangu.

Sijafungua. Mi mwenyewe bado nalala kwetu, na nikiwa kitandani mtandao wangu unanikataa kama unavyowakataa wao.

Angekuwa ni mama yako, ungefungua?