Spika ya Kushoto

Kisa hiki kilimpata Muasya, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Jericho, mwaka wa themanini na sita. Yeye mwenyewe ukimuuliza hubadilisha mazungumzo. Alimsimulia mkewe mara moja tu, siku mambo yote yalipokwisha, na ndivyo majirani tulivyojua.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua kali. Faki, karani wa reli aliyekaa nyuma ya soko, alikuwa amemwita amfungie mitambo. Mwenzake wa kazini aitwaye Bedan alikuwa anahama mji, akampa bure vyombo vyote: video, risiva ya rangi ya fedha ya kugawa sauti, na spika mbili zilizomfika mtu kiunoni. Bedan alivileta Ijumaa kwa pikapu, akavishusha mlangoni, na hata chai hakunywa.

Muasya aliifurahia kazi hiyo, maana video mtaani zilikuwa za kuhesabika. Alipiga magoti nyuma ya kabati. Waya wa picha akautoa kwenye video akaupeleka kwenye televisheni, wa sauti akauchomeka kwenye risiva. Spika ya kulia akaifunga, mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Muhiba, binti wa Faki mwenye miaka sita, alichutama kando yake akimchosha kwa maswali.

"Fundi, mtu anaingiaje humo ndani?"

"Haingii mtu. Inaingia sauti tu."

"Na ikitaka kutoka?"

Muasya akacheka. Lela, mama wa mtoto, akaita kutoka jikoni, "Muhiba, mwache fundi afanye kazi!"

Spika ya kushoto ilimsumbua. Matundu ya kuingizia waya yalikuwa yamezibwa kwa nta nyeusi, ngumu kama jiwe. Haikumwagikia pale kwa bahati mbaya. Mtu alikuwa ameijaza kwa makini na kuisawazisha kwa kidole, na alama ya kidole ilikuwa bado inaonekana. Muasya alidhani ni kazi ya fundi mbovu. Akachukua bisibisi, akaikwangua yote.

Akafunga waya. Akawasha.

Hakuwa ameweka kanda. Redio hakuifungua. Lakini spika ya kushoto ilivuta pumzi.

"Muhiba, njoo unywe chai," Lela aliita.

"Nakuja, mama."

Sauti ilikuwa ya Muhiba. Ilitoka kwenye spika.

Mtoto aligeuka akaitazama. Midomo yake ikacheza, na spika ikasema, "Fundi, mbona sauti yangu iko huko?"

Muasya alizima upesi. Muhiba akafungua mdomo tena. Kimya. Machozi yakamtiririka, kifua kikarukaruka kwa kwikwi, na hapakusikika kitu. Akamkimbilia mama yake, akamshika kanga, akalia kilio kisicho na sauti.

"Fundi, umemfanya nini mwanangu?"

"Haki ya Mungu, sijui, Mama Muhiba."

Akawasha tena. Kilio kikajaa sebule nzima, kikitokea upande wa kushoto.

Alihangaika hadi saa kumi. Alibadilisha nyaya. Alifungua risiva akachungulia kila kiungo. Aliifungua spika yenyewe. Ndani hamkuwa na kitu ila sumaku na karatasi yake. Hitilafu hakuiona, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Miaka kumi na mitatu ya ufundi, na mikono haikujua pa kushika.

Faki aliporudi kutoka kazini, hakupiga kelele. Aliketi sakafuni, akampakata binti yake, akamnong'oneza, "Sema baba."

Spika ikasema, "Baba."

Faki akajifunika uso.

Kesho yake asubuhi Faki na Muasya walikwenda mtaa wa Lucky Summer kumtafuta Bedan. Walikuta nyumba tupu, milango wazi. Jirani mmoja, Norah, alikuwa akianika nguo.

"Wamehama jana. Yeye na binti yake."

"Ulimjua huyo binti?" Faki akauliza.

"Yule bubu? Zamani aliongea vizuri tu, kisha siku moja akanyamaza." Norah akashusha sauti. "Lakini jana, saa nane hivi, wakipakia vitu, alianza kuimba. Baba yake akapiga magoti pale barabarani, akalia. Mimi sijaona mwanamume akilia vile."

Walikokwenda, hakuna aliyejua.

Nyumbani, Lela alisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye kichwa cha mwanawe. Akaelewa. Njia ya kumrudishia Muhiba sauti ilikuwepo, na ilikuwa moja tu. Nje ya dirisha watoto wa majirani walikuwa wakicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, wakipiga mayowe.

Lela aliwatazama muda mrefu. Kisha akanong'ona, "Tumpe nani?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza, Baba Muhiba. Wewe ndiwe babake."

Muhiba aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akawa anatikisa kichwa. Midomo yake ilisema neno moja, tena na tena. Stima ilikuwa imekatika na spika haikuwa na umeme. Hawakulisikia.

Muasya alitoka bila kuaga.

Wiki mbili baadaye Faki na familia yake walihama, alfajiri, na vitu vyao vyote. Wengine wanasema walirudi pwani. Muasya alikaa na hofu, akisikiliza habari za kila mtaa: Makadara, Majengo, Kaloleni. Hakusikia kuwa kuna mtoto yeyote aliyepoteza sauti. Wala hakusikia kwamba Muhiba ameipata.

Mwezi uliofuata Obura, mfanyakazi wa Jiji, alihamia katika nyumba ile, akamwita Muasya, fundi aliyekuwa karibu, atazame ukuta wa sebule, akidhani bomba limepasuka. Kwenye saruji palikuwa na unyevu, kiduara kidogo, usawa wa kiuno, pale pale iliposimama spika ya kushoto. Obura alikuwa amepaka rangi mara mbili na hakikukauka.

Hapakuwa na bomba lolote. Muasya aliinama, akakigusa kwa kidole.

Kilikuwa na joto. Na kwa upole kabisa, kikavuta kidole ndani, kama mdomo wa mtoto.