Kamera Isiyo na Filamu

Haya yalimpata rafiki yangu mpiga picha, zama zile za filamu. Bibi mmoja jirani alikuja kupigwa picha, kajipamba kweli kweli, na filamu ilikuwa imekwisha. Badala ya kumwambia ukweli, rafiki yangu alimkalisha kitini, akainama nyuma ya kamera tupu, akamkonyeza mkewe aliyesimama mlangoni, akamulika taa.

"Umetoka vizuri, bibi."

Bibi akafariki kabla ya kuifuata picha yake. Binti yake akaja. "Kaka, naomba ile picha ya mama. Hatuna nyingine."

"Ngoja nikutafutie," akasema, uso umemshuka, akajifungia katika chumba cha kusafishia picha ili atunge uongo. Giza totoro. Kamba ya kuanikia aliiacha tupu, lakini alisikia maji yakidondoka, to, to, to. Akapapasa, vidole vikagusa karatasi mbichi.

Akawasha taa nyekundu.

"Ametoka vizuri, kaka?" binti akauliza nje ya mlango.

Bibi hakuwamo pichani. Alikuwamo yeye mwenyewe, ameinama nyuma ya kamera, jicho moja kalifumba, na nyuma yake mkewe kajiziba mdomo kwa kicheko. Aliyewapiga picha hiyo ni yule aliyekuwa amekaa kitini.