Siku King'ora Kilipolia na Watu Hawakuja

Limi aliuza vitenge katika soko la Geita mjini. Kila asubuhi alimwandalia mama mkwe wake chai na viazi vitamu, akamkagua binti yake Goodness sare ya shule, kisha akaondoka mbio. Mumewe, Jilala, alikuwa Nyarugusu siku nyingi za wiki. Huko alikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu.

Kwa sababu hiyo, watu walidhani nyumba yao imejaa dhahabu. Haikuwemo hata punje. Lakini mwizi haulizi kwanza. Nyumba mbili za mtaa ule zilikuwa zimeshavunjwa, ndipo Jilala akaamua kufunga king'ora.

King'ora hicho kiliunganishwa na kampuni ya ulinzi. Mlango ukivunjwa, au mtu akipita mbele ya sensa, kifaa cha kuhisi mwendo, kililia kwa sauti kubwa. Papo hapo taarifa ilifika kwenye chumba cha uangalizi cha kampuni, ambako wahudumu hukaa saa zote. Mhudumu alipiga simu kwa mwenye nyumba na kutuma walinzi kwa gari. Sebuleni, ukutani, kulikuwa na kitufe chekundu cha dharura.

Fundi alieleza matumizi kwa saa nzima. Siku hiyo Limi alikuwa na mzigo wa vitenge unaomsubiri stendi. Alisikiliza kwa sikio moja.

Wiki ya kwanza kililia mara tatu. Limi alikuwa ameacha dirisha wazi, upepo ukapeperusha pazia mbele ya sensa. Wiki ya pili Goodness alikosea namba za kukizima. Kila mara walinzi walikuja mbio, na kila mara waliondoka bila kukuta kitu.

Jirani yao, mzee Donatus, alitoka nje na rungu mara mbili za kwanza. Mara ya tatu alichungulia tu. Baadaye hakuchungulia tena.

"Hizo ni kelele zao za kila siku," alimwambia mkewe.

Limi naye alichoka na aibu. Siku moja aliipigia kampuni.

"Msitume tena gari mpaka mimi mwenyewe nipokee simu na niseme mje," alisema.

"Una hakika, mama?" mhudumu aliuliza.

"Nina hakika."

Mwezi uliofuata simu yake iliibiwa sokoni. Alinunua laini mpya. Aliwapa wateja wake namba mpya, akawapa na wanakwaya wenzake. Kampuni hakuikumbuka.

Mama mkwe wake, ambaye yeye alimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alikiogopa kile kitu cha ukutani. Alitoka Kishapu, akaja Geita kutibiwa macho.

"Mama Goodness, hiki chekundu ni cha nini?" aliuliza.

"Mayu, usikiguse kabisa. Utatuletea walinzi bure."

Mayu aliitikia. Hakukigusa.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, wanaume wawili waligonga geti wakiwa wamevaa kama mafundi wa umeme. Mayu akawafungulia.

"Dhahabu iko wapi, bibi?" mmoja aliuliza walipofika ndani.

"Hapa hakuna dhahabu, wanangu."

Walimsukuma. Aliangukia ubavu, na mfupa wa paja ukavunjika. Wezi wakavunja mlango wa chumba cha Jilala. King'ora kikalia.

Kililia kwa nguvu zake zote. Kule kwenye chumba cha uangalizi, mhudumu alipiga namba ya Limi. Haikupatikana. Akapiga ya Jilala. Simu ya Jilala iliita mfukoni, lakini karasha zilikuwa zinanguruma na hakusikia. Mhudumu akatazama maelezo ya nyumba ile. Yaliandikwa: gari lisitumwe mpaka mama mwenye nyumba aseme.

Mzee Donatus alisikia king'ora. Aliendelea kupalilia mchicha wake.

Wezi walichukua televisheni na nguo, wakaondoka kwa miguu yao. Mayu alilala sakafuni, hatua tatu kutoka kwenye kitufe chekundu. Saa saba Goodness alirudi kutoka shule. Yeye ndiye aliyemkuta.

Siku zile hospitalini Limi hakuweza kumtazama mumewe usoni. Jilala hakumlaumu.

"Baba Goodness, sema neno," Limi alimwomba.

"Niseme nini? Hata mimi simu iliita, sikupokea."

Siku ya sita mwanamke mmoja alifika wodini na chungwa mkononi. Alivaa sare ya kampuni ya ulinzi. Alimsalimu Mayu kwa kupiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Eunice. Siku ile nilikuwa zamuni. Ni mimi niliyepiga simu." Aliliweka chungwa kando ya mto. "Nilifuata maelezo yaliyoandikwa. Lakini tangu siku ile sijalala vizuri."

Limi aliinamisha kichwa. "Maelezo yale niliyatoa mimi."

"Ndiyo maana nimekuja, Mama Goodness. Nataka tukae tuanze upya. King'ora hakimkamati mwizi. Kazi yake ni kuita watu. Kikiita bure kila wiki, watu huacha kuja."

Mayu aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Kumbe ni mwano!" alisema. "Kwetu Kishapu, ng'ombe wakiibiwa mtu hupiga mwano, ule ukelele wa hatari, na kila mwenye miguu hutoka. Lakini mwano haupigwi kwa mchezo. Mwaka mmoja kijana alipiga wa uongo. Wazee walimkalisha kikao, akaaibika mbele ya kijiji kizima. Mbona hamkuniambia kwamba kile kitu ni mwano?"

Limi alilia.

Jumamosi Eunice alikuja nyumbani. Kwanza walifuta agizo lile la kuzuia gari. Kisha waliandika namba mpya ya Limi, ya Jilala, na kuacha nafasi ya mtu wa tatu aliye karibu.

"Mkibadilisha laini, tuambieni siku hiyohiyo," Eunice alisema. "Na tunapopiga tutawauliza neno la siri. Hivyo tutajua ni ninyi, si mwizi aliyeshika simu."

"Na kama mwizi amenisimamia na panga?" Limi aliuliza.

"Kuna neno la pili. Ukilitaja, nitakujibu kwa utulivu kama vile hakuna kitu. Kumbe natuma gari na kuwaita polisi."

Kila mtu alipewa namba yake ya kuwasha na kuzima king'ora. Namba ya msichana mmoja wa kazi aliyewahi kuishi nao ilifutwa. Limi alijifunza kufunga madirisha kabla ya kukiwasha.

"Kijaribuni mara moja kwa mwezi," Eunice aliongeza. "Ila tupigieni kwanza, tujue ni jaribio. Muulizeni fundi pia kuhusu betri, maana umeme ukikatika ndiyo hukiendesha. Kikilia kwa bahati mbaya, msizime simu. Pokeeni, mseme ukweli. Na ukikuta mlango umevunjwa, usiingie. Kaa mbali, utusubiri."

Jioni Limi alikwenda kwa mzee Donatus.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba radhi. Tuliwachosha kwa kelele. Na kampuni inataka namba ya mtu aliye karibu."

Mzee aliweka jembe chini. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilisikia, mwanangu. Nilisikia nikaendelea kupalilia." Akajifuta uso. "Andika namba yangu."

Mayu alirudi nyumbani baada ya miezi miwili, akitembea kwa mkongojo. Alipewa kitufe kidogo cha kuvaa shingoni. Goodness alimfundisha kukibonyeza, tena na tena, siku ya jaribio.

Ijumaa moja adhuhuri mtu aligonga geti. Alisema ametumwa na Jilala kuchukua mzigo. Mayu hakufungua. Alisikia mtu wa pili anahangaika na kufuli. Akabonyeza, king'ora kikalia.

Sokoni, simu ya Limi iliita kabla hajamaliza kukunja kitenge. Alitaja neno la siri.

"Sipo nyumbani. Mayu yuko peke yake. Njooni!"

Alipofika aliwakuta walinzi getini, na kufuli limepinda. Watu wawili walikuwa wamekimbia, wakaacha nondo yao chini. Mzee Donatus alikuwa wa kwanza kufika, na nyuma yake mtaa mzima. Mayu alikaa kwenye kiti chake, mzima.

Simu iliita tena. Ilikuwa sauti ya Eunice, akitaka kujua hali. Limi akampa Mayu simu.

"Ni mimi niliyebonyeza," Mayu alisema. Akatazama nje. "Watu wamekuja, mwanangu. Uwanja umejaa."