Maarifa Yaliyozikwa pamoja na Bilali

Katika kijiji kimoja cha Matambarale, wilayani Ruangwa, waliishi Harithi na mkewe Sabaha, wazazi wa Tunu. Walikuwa na mikorosho arobaini, urithi wa wazazi. Zamani mikorosho hiyo ilizaa hata matawi yakainama. Sasa ulikuwa mwaka wa pili maua yakinyauka kwa unga mweupe, ugonjwa uitwao ubwiriunga. Harithi alikuwa ameapa: maua yakifa mara ya tatu, watahama wakafanye vibarua Kiegei, kule Nachingwea.

Zamani mtunzaji wa mikorosho alikuwa Bilali, kaka yake Harithi. Bilali alikuwa mjuzi, lakini mchoyo wa maneno. Hakumfundisha mtu. Alipofariki, ujuzi wake ulimfuata kaburini.

Harithi alikumbuka jambo moja tu. Kila msimu wa maua, Bilali alionekana akirudi nyumbani saa nne asubuhi, bomba la injini la kupulizia dawa mgongoni, mwili mzima vumbi la salfa, dawa ya ubwiriunga. Basi Harithi naye, ilipofika saa nne, alijitwika bomba akaenda kupuliza.

"Jirani, ahsante sana!" Bakary, mwenye shamba la pili, alimwita siku moja. "Salfa yako yote inaletwa kwangu na upepo. Nikivuna nitakuletea walau mabibo ya kuonja!"

Harithi alicheka kwa meno tu. Moyoni aliungua.

Sabaha alikuwa amejiandikisha katika darasa la watu wazima. Mwalimu wake alikuwa Catherine, bibi shamba wa kata. Mwishoni mwa Juni, maua ya msimu wa tatu yakikaribia, alimleta mwalimu huyo shambani, akamweleza mkasa wote.

"Mzee Harithi," Catherine aliuliza, "marehemu alikuwa akitoka nyumbani saa ngapi?"

"Nani ajue? Sisi tulikuwa tumelala."

"Basi mlimwona akirudi, hamkumwona akienda. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia, ili vumbi lishike maua. Saa nne upepo umekwisha kuamka. Anzeni maua ya kwanza yanapochomoza. Rudieni kila baada ya siku kumi na nne, mara tano."

Harithi aliketi chini ya mkorosho. "Miaka miwili! Kumbe kaka angesema neno moja tu!"

"Usijilaumu, mzee. Yaliwapata hata Wayunani, yaani Wagiriki wa kale. Zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita walikuwa na wafalme na majumba makubwa. Lakini kuandika walijua makarani wachache wa majumba hayo. Majumba yalipoteketea, makarani wakatoweka, na maandishi yakatoweka nao. Miji ikawa vijiji. Kwa miaka kama mia nne nchi ile haikuandika."

"Taifa zima lisahau kuandika?" Harithi alishangaa. "Walikuwa wajinga?"

"La. Waliendelea kulima na kufuga, wakajifunza kufua chuma. Polepole watu wakaongezeka, biashara ya ng'ambo ikaamka. Ndipo wakakutana na wafanyabiashara Wafoinike, mabaharia kutoka mashariki, wakachukua herufi zao. Wafoinike hawakuwa na herufi za irabu. Wayunani wakaziweka: a, e, i, o, u, hizi anazosoma mkeo. Herufi zikawa chache na nyepesi. Sasa si karani peke yake, hata mnywaji aliweza kuchora jina lake juu ya kikombe. Baadaye miji yao ilichonga sheria kwenye mawe, zikae mbele ya watu wote. Nchi ikainuka kupita ilivyokuwa mwanzo."

Jioni ile Sabaha alichukua mkaa. Harithi akitaja, yeye aliandika ukutani: tarehe tano za kupuliza, saa ya kutoka, na namna ya kuwasha bomba.

"Mama Tunu," Harithi alinung'unika, "siri ya shamba ukutani? Bakary akija je?"

"Na asome, Baba Tunu. Mficha uchi hazai."

Walipuliza Julai mosi, kisha tarehe kumi na tano, kisha ishirini na tisa. Maua yalisimama mazima, bila unga mweupe. Lakini tarehe kumi na moja Agosti Harithi alishikwa na homa. Alipimwa zahanati, akaonekana ana malaria, akapewa dawa.

Alfajiri iliyofuata alizinduka akitetemeka. Ilikuwa siku ya nne ya kupuliza! Alijaribu kuinuka, homa ikamrudisha kitandani. "Tumekwisha," alijisemea. Alimwita Sabaha. Kimya. Alitazama pembeni: bomba halikuwapo.

Ndipo akasikia, kutoka upande wa shamba, bomba likikohoa mara mbili, kisha likinguruma bila kukatika. Alirudisha kichwa kwenye mto, machozi yakamtoka.

Sabaha alirudi jua likichomoza, kitambaa puani, nyusi za njano kwa salfa.

"Nani alikuonyesha kuliwasha?"

"Wewe. Si ulinitajia nikaandika? 'Fungua mafuta, vuta kamba kwa nguvu.' Nimesoma, nikavuta. Sasa lala, mgonjwa gani huyu wa maswali?"

Harithi alicheka hata akapaliwa.

Mwishoni mwa Agosti walipuliza mara ya tano. Oktoba mabibo mekundu na ya manjano yalitapakaa chini ya kila mti, na magunia ya korosho hayakutosha. Mvua za kwanza ziliponyesha, Harithi na Sabaha walichimba mashimo sita, wakapanda miche mipya ya mikorosho. Mche huo hukaa miaka kama mitatu kabla ya kuzaa. Mtu wa kuhama haupandi.