Mlango wa Stoo ya Majoho

Hili lilimpata rafiki yangu, fundi cherehani anayefundisha watoto kanisani, na si mtu wa kutunga mambo. Mchana kweupe alikwenda stoo ya kanisa kuchukua majoho ya kwaya ayapunguze, akiwa na binti wa kaka yake, mtoto muoga wa giza kupindukia. Upepo ukaubamiza mlango, kitasa kikakwama. Stoo yenyewe haina dirisha.

“Nilikufundisha nini?” akamuuliza.

“Tushikane mikono, tumwite Yesu.”

Wakashikana, mikono yote minne. Hapo hapo mlango ukaanza kupigwa ngumi. Mbao zilipasuka, bawaba zikalia, vipande vikawarukia usoni. Rafiki yangu akakatiza sala. Mtoto ndiye aliyeendelea kuomba, kwa nguvu, bila kutetemeka.

“Shangazi, usiniachie. Sema amina.”

Akasema. Kukawa kimya.

Mtunza kanisa alipowafungulia, alifoka: “Mlango umewakosea nini?”

Upande wa nje rangi ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Mashimo ya ngumi yalikuwa upande wa ndani, juu kabisa ya kichwa cha rafiki yangu, na damu ilikuwa bado inachuruzika kutoka kwenye mashimo hayo.