Kilo Sitini za Kweli

Lifti ya hospitali ilikuwa imeharibika, na ngazini watu walisukumana kama siafu. Chini ya ngazi hizo alisimama mshonaji mmoja, gauni la kijani limempwaya, mtandio umemteleza begani, akishikilia kiti cha magurudumu alichokalia mama yake aliyepooza. Mchomelea vyuma aliyekuwa akitengeneza kishikio cha ngazi akavua miwani yake myeusi, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Shikamoo, mama. Kwa idhini yako, nikubebe?"

"Marahaba, mwanangu. Nibebe, ila usinichomelee ukutani."

Akambeba hadi juu, mshonaji akifuata na kiti.

"Nyumbani nani humnyanyua?"

"Mimi na jirani. Lakini jirani anahama karibuni, na kiti hiki hakipiti mlangoni petu. Akishaondoka, mama hatoki kitandani, nami sitoki ndani."

"Basi jifunze kunyanyua vyuma."

"Kwa mikono hii ya sindano?"

"Wapo akina mama wanaonyanyua. Mimi ndiye ninayewatengenezea vyuma vyao."

Haikupita wiki, akamletea nyumbani mtaimbo wa kilo kumi na visahani vya chuma, kila kimoja kimegongwa nambari ya uzito wake. Mwalimu wa kike wa mazoezi akaja mara tatu kumfunza: mgongo unyooke, nguvu itoke mapajani. Mama alikuwa na kilo hamsini na tano. "Siku utakaponyanyua sitini," alisema mwalimu, "mama utamweza."

Tangu hapo siku zake zikazunguka baina ya cherehani, kitanda cha mama na ule mtaimbo, katika vyumba viwili ambavyo jua liliingia kwa kukatwakatwa na nondo za dirisha. Kilichovuka nondo hizo ni simu ya mchomeleaji, kila adhuhuri.

"Shujaa wangu, umefika ngapi?"

"Arobaini. Na nani kakwambia mimi ni wako?"

"Basi shujaa wa jirani."

"Jirani ana mke, tena mkali! Niletee vile visahani vikubwa."

"Taratibu, mpenzi. Mgongo hautiwi kiraka."

"Jirani naye hanisubiri. Lete."

Akaleta viwili, vimegongwa 25. Siku ya nne mshonaji akavinyanyua, akalia kwa furaha, akamwambia mama, "Alhamdulillahi, sitini!"

Jirani akahama. Adhuhuri ya kwanza peke yao, mshonaji alimkumbatia mama, akanyoosha mgongo kama alivyofunzwa, akanyanyua. Mama akapanda, akatoka kitandani. Ghafla uzito ukamshinda binti. Wakaanguka, mama juu yake, mkono wa mama umepinda baina yao. Kila alipojitikisa, mama aliugua. Mezani simu ikalia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Pokea basi," mama alinong'ona, "mwenzio atadhani umeolewa."

Walilala sakafuni hadi alasiri, alipobisha hodi mteja aliyefuata gauni lake.

Kesho yake mteja huyohuyo akakaa na mama, naye mshonaji akabeba kisahani kimoja hadi duka la nafaka, akakiweka juu ya mizani. Kilo kumi na saba.

"Mbona umenigongea ishirini na tano?" aliuliza kwenye simu.

"Niliogopa usije ukavunjika mgongo. Nilitaka ufurahi bila kuumia."

"Mama ameteguka mkono. Tumelala sakafuni simu yako inalia, nami siwezi kuifikia. Maradhi yalinifungia humu kwa kadari ya Mola, sina la kusema. Wewe ukaja kunifungia mara ya pili, kwa huruma!"

Akakata. Hakupokea tena.

Asubuhi iliyofuata akaja dada wa mchomeleaji, mwanamke mnene wa vicheko, kusaidia kumnyanyua mama. Akarudi jioni, na kila siku baada ya hapo.

"Nani kakutuma?"

"Kaniambia kaka yangu nisimtaje."

"Umekwisha mtaja."

"Ah! Basi nimetaja."

Mshonaji alitaka kumfukuza. Alimtazama mama, akamkaribisha. Akaendelea na vyuma vyake, safari hii kwa nambari alizozipima mwenyewe.

Wiki ya saba, baada ya sala ya alasiri, mchomeleaji akabisha hodi kwa kanzu safi, mizani ya duka begani. Akaitua kando ya kitanda, akaweka kisahani kipya.

"Soma, mama."

"Ishirini na tano."

Akaweka cha pili. "Soma, mama." Ishirini na tano.

Mshonaji akavitia mtaimboni, akainama. Mishipa ya shingo ikamsimama. Mtaimbo ukatetemeka, ukapanda, ukatuliwa bila kishindo. Akapumua. Kisha akamwendea mama.

Mchomeleaji alijifunga mikono mgongoni, vidole vimeng'ang'aniana, asije akasaidia. Mshonaji akamnyanyua mama, akavuka naye mlango ule mwembamba hatua kwa hatua, akamkalisha kwenye kiti uani. Jua zima likamwangukia mama usoni, akafumba macho.

"Nisamehe," alisema mchomeleaji. "Na nikileta posa, nitajibiwa nini?"

"Mama haachwi. Atakayenioa atahamia kwenye vyumba hivi viwili, na nondo zake."

Mchomeleaji akazitazama zile nondo, kisha mlango. "Nitahamia. Ila kwanza nitengeneze mlango mpana, kiti kipite."

Mshonaji akavua utepe wa kupimia nguo shingoni, akampa.

"Upime," alisema. "Na nambari unisomee kwa sauti, nisikie."